Vipepeo wa Malindi na Lamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Watu wakishajua kwamba unapenda wadudu, maswali hayaishi. Mengine huulizwa sokoni, mengine huja kwa simu pamoja na picha iliyotikisika hata mdudu haonekani. Nimeyakusanya yale yanayorudi kila mwaka, hasa masika yanapoanza na bustani zikajaa mabawa. Jibu lililokwisha kutolewa halirudiwi. Utaelekezwa swali lake.

## Mambo ya mwanzo

Kipepeo na nondo wana tofauti gani?

Mtazame papasi, zile nyuzi mbili za kichwani. Papasi za kipepeo zina kifundo mwishoni, mfano wa njiti ya kiberiti. Za nondo huchongoka, au huwa na vinyweleo kama unyoya wa kuku. Usitegemee saa ya kuruka, maana wako nondo wengi warukao mchana kweupe, tena wenye rangi za kupendeza kuliko vipepeo.

Kwa nasaba, vipepeo ni tawi moja tu la ukoo mkubwa wa nondo. Utafiti mpana wa DNA uliochapishwa 2023 unaonyesha tawi hilo lilichipuka miaka milioni 100 hivi iliyopita, katika bara la Amerika, na kwamba viwavi wa kwanza yaelekea walikula mimea ya jamii ya kunde. Leo spishi za vipepeo zinakaribia 19,000 duniani.

Kiwavi anayewasha ndiye anayekuwa kipepeo?

Mara nyingi siye. Wale wenye manyoya yanayowasha huku kwetu karibu wote ni watoto wa nondo. Lugha yenyewe ndiyo iliyotuponza: neno kiwavi lina harufu ya kuwasha, na mvuvi husema kiwavi akikusudia yule mdudu laini wa baharini anayechoma ngozi. Kiwavi wa kipepeo anaweza kuwa na miiba ya kutisha na bado ukamshika usidhurike. Hata hivyo, kama humjui, muache.

Mdimu wangu una viwavi wanaofanana na mavi ya ndege. Ni nini hao, na niwaue?

Hao ni wa *Papilio demodocus*, yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano ambaye Malindi na Lamu hakosekani penye ndimu, machungwa au malimau. Akiwa mdogo huvaa rangi ya kinyesi cha ndege, na ndege hali kinyesi chake. Akikua, ujanja huo haufai tena (nani aliona kinyesi kinene kama kidole?), basi hubadilika akawa kijani kama jani lenyewe. Mguse uone: nyuma ya kichwa hutokeza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zenye harufu kali ya kuwafukuza siafu na buibui. Hata pupa wake (kiwavi aliyejifunga ngozini, akingoja kugeuka kipepeo) hujificha: kwenye majani huwa kijani, kwenye ukuni mkavu huwa kahawia.

Mdimu mkubwa hausumbuki na viwavi kumi. Mche mchanga ndio unaoweza kuvuliwa majani yote, na hapo unawaokota kwa mkono ukawahamishia mti mkubwa. Wangu nauachia. Nimeshapoteza majani mengi, ndimu sijazikosa.

Nilimfuga kiwavi hadi akawa pupa, lakini badala ya kipepeo wakatoka nyigu wadogo. Nilikosea wapi?

Hukukosea. Wako nyigu wadogo kuliko chembe ya mchele ambao hutaga mayai ndani ya kiwavi, au ndani ya pupa aliyetoka kujigeuza na ngozi yake bado laini. Watoto wa nyigu humla kwa ndani, kisha hutoboa tundu wakatoka. Ukitaka kuepuka, anza na mayai au viwavi wachanga sana, na uwafunike kwa chandarua chenye matundu madogo.

Ndani ya pupa hutokea nini? Kipepeo hukumbuka alipokuwa kiwavi?

Sehemu kubwa ya mwili wa kiwavi huvunjwavunjwa na kutumiwa kama malighafi. Lakini si kila kitu huanza upya. Kiwavi huwa tayari amebeba vifungu vidogo vya chembe hai vilivyotengwa kwa ajili ya mabawa, macho na papasi, navyo hungoja homoni iwape ruhusa. Mishipa ya fahamu hupangwa upya, haifutwi yote.

Kuhusu kumbukumbu, jaribio linalojulikana lilifanywa kwa nondo, na matokeo yake yalichapishwa 2008. Viwavi wa *Manduca sexta* walifunzwa kuiogopa harufu fulani kwa kupigwa shoti ndogo ya umeme. Waliofunzwa wakiwa wamekaribia kuwa pupa waliendelea kuikimbia harufu ile hata walipokuwa na mabawa. Waliofunzwa wakiwa wachanga zaidi walisahau.

Kwa nini kila akitajwa kipepeo hutajwa Arabuko-Sokoke na Gede?

Kwa sababu msitu wa Arabuko-Sokoke, kusini ya Malindi, ni kipande kikubwa cha msitu wa pwani kilichosalia, kiasi cha kilomita za mraba 420, na una spishi zaidi ya 250 za vipepeo. Wengine, kama jamii ndogo ya *Charaxes blanda kenyae*, ni wa pwani hii tu. Tangu 1993 mradi wa Kipepeo, uliopo kwenye eneo la magofu ya Gede, umekuwa ukinunua pupa kutoka kwa wakulima wanaopakana na msitu na kuwauza nje kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Mkulima hufuga kwa majani, na pupa husafirishwa kwa sababu akiwa pupa hali chakula, hanywi, na hana mabawa ya kuvunjika. Lakini haraka inatakiwa: kuna siku chache tu kabla hajapasuka.

## Rangi

Ule unga unaobaki vidoleni ni nini? Ukimtoka kipepeo hufa?

Ni magamba. Bawa la kipepeo limeezekwa kwa magamba madogo mno, kama paa la makuti, kila gamba limelalia jingine. Akipoteza machache haimdhuru. Hata kwenye utando wa buibui huponea kwa kuyaacha magamba yake pale na kuteleza. Kinachomuua ni kuvunjwa mshipa wa bawa au kubanwa kifua.

Rangi zenyewe ni za namna mbili. Nyeusi, kahawia, manjano na nyekundu kwa kawaida ni rangi halisi iliyomo ndani ya gamba. Buluu na kijani kinachometameta mara nyingi si rangi, bali ni umbo: matabaka membamba kuliko urefu wa wimbi la mwanga hurudisha buluu na kuziachia nyingine zipite. Mfano mzuri ni *Papilio nireus*, mweusi mwenye mkanda wa buluu-kijani. Wanafizikia walionyesha 2005 kwamba magamba yake hutumia kemikali inayong'aa pamoja na vioo vidogo vya asili vinavyousukuma mwanga utoke nje, kanuni ileile ya taa za LED. Kipepeo alitangulia.

Mbona wale wa kahawia wa chini ya miembe wana macho makubwa mabawani wakati wa mvua, na wakati wa kiangazi hayaonekani?

Ni spishi moja yenye nguo mbili. Jamii ya *Bicyclus* hukaa chini kwenye majani makavu na hupenda matunda yaliyooza. Kizazi cha mvua kina madoa mfano wa jicho pembezoni mwa bawa: ndege au vunjajungu akishambulia, huling'ata doa, naye kipepeo akaenda zake na bawa lililopunguka kidogo. Kizazi cha kiangazi huishi wakati nyasi zimekufa na kila kitu ni kahawia. Hapo doa linalong'aa ni kujitangaza kwa adui, kwa hiyo hupungua hadi kuwa nukta.

Ajabu ni kwamba jeni hazibadiliki. Kiwavi katika siku zake za mwisho huhisi joto, na joto hilo hubadilisha wakati na kiwango cha homoni ya ekidisoni mwilini mwa pupa. Homoni ndiyo inayoamua doa liwe kubwa au dogo. Haya yamechunguzwa sana kwa *Bicyclus anynana*, na wengi wa waliotumika maabara ni uzao wa majike waliochukuliwa Nkhata Bay, Malawi, 1988. Mtu wa Lamu huangalia upepo akajua msimu. Huyu hupima joto akiwa bado hana bawa.

## Wigo na jeni

Nilinunua pupa wa mama mmoja. Madume wote walitoka manjano wenye mikia, lakini majike wana sura tofauti na hawafanani hata wao kwa wao. Nimechanganyiwa?

Hapana. Huyo ni *Papilio dardanus*, na swali lako liliwasumbua wataalamu kwa miaka mingi. Majike waliwekwa kwenye makabati ya makumbusho kama spishi mbalimbali, hadi Roland Trimen, aliyekuwa akifanya kazi Cape Town, alipotoa hoja 1869 kwamba wote ni wake wa dume mmoja yule wa manjano. Alishambuliwa. Watu hawakukubali kwamba mume na mke wa spishi moja wanaweza kuachana sura kiasi hicho.

Sababu ni wigo. Kila sura ya jike huiga kipepeo mwingine mwenye sumu. Mmoja ni mweusi mwenye mabaka meupe, kama *Amauris niavius*. Mwingine ni wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi, kama *Danaus chrysippus* wa swali la pili kutoka hapa. Ndege aliyewahi kutapika kwa ajili ya mwenye sumu humpita na mwigaji. Lakini waigaji wakizidi kuliko wenye sumu, ndege hujifunza kinyume: kwamba sura ile ni chakula. Ndiyo maana kugawana sura kunalipa. Asiye na wenzake wengi ndiye anayeponea. Madagaska majike hawaigi, wamefanana na madume.

Kwa jeni, tofauti hizi zote zimekaa mahali pamoja kwenye kromosomu, uzi wenye kubeba jeni ndani ya chembe hai, karibu na jeni iitwayo engrailed. Mtoto hurithi sura nzima kama kifurushi, hapati bawa la huku na rangi ya kule. Ilijulikana kwanza kwa ndoa za kupangwa: Cyril Clarke, daktari wa Liverpool, na Philip Sheppard, mtaalamu wa jeni, waliwapandisha vipepeo hawa kwa mkono, familia baada ya familia, wakiandika nani kazaa nani. Clarke aliona kwamba vifurushi vya jeni vya kipepeo vinafanana na urithi wa kundi la damu la Rhesus, na fikra hiyo ilisaidia kulielekeza kundi la Liverpool kwenye kinga ya anti-D, sindano inayozuia mwili wa mama usiishambulie damu ya mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo mama mwenye damu ya Rhesus hasi anayedungwa sindano hiyo hospitalini leo ana deni dogo kwa kipepeo wa msitu wetu. Nikiulizwa vipepeo wana faida gani, hujibu kwa kisa hiki, na mara nyingi muulizaji hanyamazi, huuliza la pili.

Kwa nini huiga majike tu?

Maelezo ya kawaida ni mawili. Jike mwenye mzigo wa mayai huruka kwa uzito, tena hulazimika kuzunguka kila kichaka akitafuta jani la kutagia, kwa hiyo huonwa zaidi na ndege. Dume naye akibadili sura huhatarisha kutotambuliwa na jike, au na madume wenzake. Hoja zote mbili zina ushahidi, na hazigongani.

Yule wa rangi ya chungwa anayeruka polepole kama hana haraka, kwa nini ndege hawamtaki?

*Danaus chrysippus*. Kiwavi wake hula mimea ya utomvu mweupe kama maziwa, na wengi wao hubeba sumu inayougusa moyo. Polepole yake ni tangazo: keremkerem ana nafasi ya kumtazama vizuri na kughairi. Ukimshika utaona ngozi yake ni ngumu kama mpira. Ndege humng'ata, humtema, naye huendelea.

Hapa pwani ya kaskazini utaona wengi hawana ile ncha nyeusi na nyeupe ya bawa. Hiyo ni sura ya dorippus, ya kawaida Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika. Na mwigaji wake hakubaki nyuma: jike la *Hypolimnas misippus* lina sura yenye ncha na sura isiyo na ncha, akifuata zote mbili. Dume lake huwezi kuamini ni la ukoo huo, ni jeusi lenye madoa meupe yaliyozungukwa na zambarau.

Nani huamua jinsia ya mtoto, baba au mama?

Kwa binadamu ni mbegu ya baba. Kwa vipepeo ni mama. Jike ana kromosomu mbili tofauti za jinsia, Z na W. Dume ana Z mbili. Yai lililobeba W ni binti.

Hapo ndipo pana kisa cha kushangaza, nacho kinatokea Kenya. *Danaus* wengine hubeba bakteria aitwaye Spiroplasma, ambaye hurithiwa kutoka kwa mama pekee. Mtoto wa kiume kwake ni njia isiyotoka, basi humuua angali yaini, na jike huyo huzaa mabinti watupu. Utafiti wa 2020 ulionyesha kwamba katika majike hawa kromosomu ya 15, ile iliyobeba jeni za rangi, imeungana na W. Bakteria, W na rangi sasa husafiri pamoja kutoka mama hadi binti kama abiria wa jahazi moja.

Kipepeo ana kromosomu ngapi?

Wengi wana jozi 31 au karibu na hapo. Wako waliopotoka: *Polyommatus atlantica* wa milima ya Afrika Kaskazini ana jozi 229. Binadamu ana 23, na hesabu hii haina uhusiano wowote na akili.

## Hisia

Kipepeo huona rangi tunazoziona sisi?

Huona za kwetu nyingi na nyingine tusizozijua. Wengi huona urujuanimno, mwanga ulio nje ya uwezo wa jicho letu. Wale wadogo wa manjano, *Eurema hecabe*, kwetu dume na jike ni mamoja. Kwao, bawa la dume hung'aa urujuanimno na la jike halifanyi hivyo. Sisi tuna aina tatu za chembe za kupokea rangi. *Graphium sarpedon* wa Asia alihesabiwa aina 15, na ndugu zake wa jenasi hiyohiyo wanaruka Arabuko-Sokoke. Lakini picha yake haina makali kama yetu: huona pande karibu zote kwa mara moja, ila kwa ukungu. Ndiyo sababu humfuata hata kipande cha karatasi akidhani ni mchumba.

Ni kweli anaonja kwa miguu?

Kweli. Mtazame jike wa ndimu akitaga: hutua juu ya jani na kulipigapiga kwa miguu ya mbele haraka haraka, kama mtu anayebisha hodi. Anaonja kemikali za jani. Akikosea mti, watoto watakufa njaa, kwani kiwavi mchanga hawezi kuhama mtaa. Ulimi wake ule wa kujikunja ni mrija wa kunywea, na harufu ni kazi ya papasi.

Anasikia?

Baadhi husikia. Katika familia ya Nymphalidae wako wenye ngozi nyembamba mfano wa ngoma kwenye shina la bawa la mbele, na kwa wengine hutumika kusikia ndege anayekaribia. Kumwita kwa jina hakusaidii.

Kwa nini wanajazana pale punda wanapokojoa?

Swali la Lamu hili, na ninalipenda. Wanaojazana karibu wote ni madume, na wanachotafuta ni chumvi. Nekta na majani yana sukari na maji, lakini sodiamu ni haba. Dume hufyonza matope yenye mkojo, hukusanya sodiamu, kisha humpa jike sehemu yake wakati wa kujamiiana, naye huiingiza kwenye mayai. Ni mahari, ukipenda. Jasho la mkono wako lina mvuto uleule, basi akikutulia usijivune.

## Maswali ya pembeni

Kipepeo akiingia nyumbani, mgeni yuaja?

Bibi zetu walisema hivyo na sina ugomvi nao. Upande wa mdudu, mara nyingi ni nondo aliyevutwa na taa, au kipepeo aliyepotea akifuata mwanga wa dirisha. Zima taa, fungua dirisha moja tu, atatoka. Chai unaweza kuandaa hata hivyo.

Naweza kukamata vipepeo msituni nikawauza?

Msitu wa hifadhi una sheria, na bila idhini ni kosa. Njia ya halali ni ya kufuga kwa mpango unaotambuliwa. Tazama jibu la Gede.

Nimeona kipepeo ambaye bawa la kushoto ni la dume na la kulia ni la jike. Ni rangi za kubandika?

Yawezekana ni wa kweli. Hutokea mara chache sana kwamba katika migawanyiko ya kwanza ya yai kromosomu za jinsia zigawanyike vibaya, au yai lenye viini viwili lirutubishwe mara mbili, na nusu ya mwili ikawa Z na Z, nusu Z na W. Kwa spishi ambazo mume na mke wanafanana hutajua. Kwa *Papilio dardanus* utaona upande mmoja manjano wenye mkia, upande wa pili mweusi na mweupe usio na mkia, na mstari umepita katikati ya mgongo kana kwamba umepigwa rula. Ukimpata, piga picha akiwa amekunjua mabawa, kwa juu, kisha kwa chini, kabla hujamshika.